Ijumaa Niliyomfunga Mtoto wa Ami

Nnasema kweli, maana umri umekwenda na sina tena wa kumficha: mtoto wa ami yangu nilikuwa nikimwonea kijicho. Tena si kijicho cha kupita. Nilikuwa nikila nacho na nikilala nacho, na nikiamka alfajiri nakikuta kimeshatangulia kuamka.

Tulikuja Maskati mwaka wa sitini na nne, baba na mimi, na tulichotoka nacho Unguja ni sanduku moja. Ndani yake baba alitia sataranji yake. Mchezo huo alinifundisha yeye mwenyewe nikiwa na miaka minane, na kila nilipomfunga mtu, baba alikuwa akinishika kichwa mbele za watu akisema, "Huyu wangu." Wenzangu walikuwa wakicheza ili wasifiwe na mji mzima. Mie nilikuwa nikiyachezea maneno mawili hayo tu.

Baada ya miaka miwili akaja mtoto wa ami, kwa kupitia Mombasa na Dubai, kakonda, hana baba hana mama. Alipoingia, baba alilia, kwani kijana alikuwa sura moja na marehemu ndugu yake. Nami nililia. Siku ile nilimpenda, wallahi. Nilikuwa sijajua kama anacheza sataranji.

Matrah, jirani na Maskati, ghorofani kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, palikuwa na mashindano kila majira ya baridi. Tulikuwa watu wanane, tukicheza Alkhamisi baada ya alasiri na Ijumaa baada ya sala, na aliyefungwa alitoka. Hapakuwa na saa wala hapakuwa na kitabu. Tulikaa juu ya busati, ubao umewekwa baina yetu, kahawa inazunguka. Mwenye nyumba alikuwa na sharti moja: ukigusa umecheza, hata kama mkono umekuteleza. Alilitia kwa sababu ya wazee waliokuwa wakishika kete wakaiacha, wakidai walikuwa wanaiweka sawa tu. Ila mpinzani wako akitaka kukusamehe, hiari yake. Na watu walikuwa wakisameheana. Bwana mmoja wa kijiji cha Yiti aliwahi kunisamehe farasi mzima, akafungwa kwa ajili hiyo, akamaliza kahawa yake akaenda zake anacheka.

Baba hakuwa akija kututazama. Goti lake lilikuwa bovu na ngazi za nyumba ile ndefu. Nilikuwa nikirudi nyumbani namhadithia mchezo wote, naye ananisikiliza. Mtoto wa ami alipoanza kucheza, hadithi zikawa mbili, na yake ndiyo iliyokuwa ikiulizwa masuala. Baba atamrejesha nyuma, atataka kujua farasi alimpeleka wapi na kwa nini. Yangu ikimalizika, husema, "Vizuri." Basi. Vizuri, kama vile nimemletea samaki kutoka sokoni. Roho ikiniuma, nami nikimwangalia yule anavyoeleza kwa upole, macho chini, hajisifu hata kidogo, na kule kutojisifu kwake ndiko kulikonichoma zaidi. Angekuwa na majivuno ningepata pa kumshika.

Msimu wa tatu tukabaki sisi wawili. Asubuhi ya Ijumaa ile baba akatwambia, "Leo ntakuja kukutazameni." Miaka yote nacheza, goti haliwezi ngazi. Leo nacheza na yule, goti limepona. Mkate wangu sikuumaliza.

Tulianza tulipotoka msikitini. Nilicheza kwa hasira na hasira haisaidii katika sataranji. Haukupita muda alikuwa kishanila vibaya. Nilibakiwa na tamaa moja: ngome yangu ilikuwa inautazama mlango wa mfalme wake, na mlango huo anaulinda wazir peke yake. Wazir akitoka pale, mfalme kafa. Lakini kwa nini amtoe? Si mjinga. Zamu ilikuwa yake, nami nilikaa nikimtazama yule wazir mpaka macho yakawa mazito.

Mara baba akatoa salamu mlangoni. Ada yetu, mtu mzima akiingia hakukuti umekaa, uwe unakula, uwe unaandika. Mtoto wa ami alinyanyuka mbio, mkono wa kanzu yake ukampitia wazir, akaanguka ubavu. Wala hakuona. Alikuwa kishafika mlangoni, kambusu baba mkono, anamwongoza aingie. Baba akaja polepole, akasimama nyuma yangu mimi, akaliegemea dirisha.

Mtoto wa ami akarudi mahala pake, akamwona wazir amelala. Akatabasamu, akanyoosha mkono amsimamishe.

"Umegusa," nikamwambia. "Cheza naye."

Mwenye nyumba akaniuliza taratibu kama simsamehe, kwani mkono haukukusudia. Nikamjibu kuwa sharti alilitia yeye. Mtoto wa ami alinitazama usoni. Hakukasirika, na ningalipenda akasirike. Akamsogeza wazir nyumba moja, akarudisha mikono yake magotini. Nikaishusha ngome.

"Mfalme kafa."

Nikageuka kumtazama baba. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo, furaha mbaya, na kichwa changu kilikuwa tayari kinangoja mkono wake.

"Nilipoingia," baba akasema, "watu wote walisimama. Ulikaa wewe."

Wallahi nilikuwa sijui. Nilikuwa nashughulika kumtazama wazir anavyoanguka, nikihesabu nitakavyoshinda, na baba yangu mzazi kapita mlangoni nami nimekunja miguu juu ya busati. Nilitaka kuinuka sasa, nikaona itakuwa aibu juu ya aibu. Nikabaki pale pale nilipo.

Hakukaa wala hakunywa kahawa. Mwenye nyumba alimsihi, baba akashukuru, akasema atakuja siku nyingine. Kisha akaunyoosha mkono wake juu ya bega langu, akaupitisha mpaka upande wa pili wa ubao, akamwambia mtoto wa ami, "Nishike, twende nyumbani." Mie ndiye niliyekuwa karibu naye.