Sahani Zilizorudi Tupu

Mwaka ule nilipotaka kufa, jambo la kwanza nililofanya ni kuosha vyombo vya jirani. Leo naweza kulisema hilo na hata kulicheka, kwa kuwa ningali hapa na hasira zangu zote, lakini siku ile sikuona cha kuchekesha. Niliona sahani zimejaa kwenye karo, na moyo wangu, ambao kwa miezi haukuwa umejali kitu, ukajali hilo moja: sitaki kuondoka na vitu vya watu.

Lazima nieleze habari ya sahani. Mimi ni mtu wa milimani, Mtaita, Mkristo, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Nimepanga orofa ya juu ya nyumba moja Mji wa Kale, na chini yangu anakaa mwenye nyumba, mjane mwenye mdomo mkali, ambaye humu nitamwita Mama kama nimwitavyo nyumbani. Ramadhani yangu ya kwanza hapo, alinitumia sahani ya mahamri na mbaazi kabla ya magharibi. Nikala, nikaiosha sahani, nikairudisha inang'aa, nikijiona mtu wa adabu kweli. Binti yake, anayefundisha shule ya chekechea, ndiye aliyenivuta kando.

"Dada, sahani hairudi tupu," akaninong'oneza. "Tia hata ndimu mbili. Ukiirudisha tupu ni kama kumwambia mtu ujirani umekwisha."

Sikukosea tena. Sahani za Mama zilishuka na ndizi, na viazi vitamu kutoka kwetu, na mara moja na keki iliyoungua upande mmoja ambayo mpaka leo ananisimanga nayo. Akipandisha, nashusha. Hivyo ndivyo tulivyokuja kupendana, mimi na mwanamke ambaye sikubaliani naye juu ya dini, siasa wala kiasi cha chumvi.

Kisha nikaugua. Watu hupenda kuuliza sababu, na swali hilo hunikera. Sikufiwa. Sikuachwa. Kazini hawakunifukuza. Ilianza kwa kukosa usingizi, kisha nikawa nalala tu, nikaacha kanisa, nikaacha kupika, nikaacha kupokea simu. Mchana nilikuwa Kilindini nikishughulikia karatasi za makontena ya watu, jioni narudi najitupa kitandani na viatu. Kwenye ngazi Mama akiniuliza, "U hali gani?" nilijibu, "Salama," maana hapa hata mwenye homa hujibu salama.

Halafu likaja wazo kwamba kila mtu angepata nafuu nisingekuwepo. Halikuja kwa kelele. Lilikuja kama mgeni mstaarabu, likaketi, na kila siku likasogeza kiti chake karibu. Nilimdokezea kaka yangu anayefanya kazi ng'ambo ya kivuko, Likoni. Akaniambia niombe na nipunguze kufikiri. Namsamehe, hakujua, lakini siku ile nilikata simu nikiwa na uhakika kwamba hakuna mtu atakayenielewa.

Sahani zilizidi kupanda. Mama aliona nimekonda, akadhani ni uchovu wa kazi. Nilikula matonge mawili, nikaiweka sahani kwenye karo juu ya nyingine. Sikuwa na ndimu, sikuwa na ndizi, wala sikuwa na nguvu za kwenda kutafuta.

Jumamosi moja asubuhi nikaamka mwepesi. Sasa najua wepesi ule ni wa kuogopwa, kwa sababu ulikuja baada ya kuamua. Nikafagia, nikafua, nikafunga nguo zangu sandukuni, pasi nikaiweka kando na kikaratasi chenye jina la binti. Nikaosha sahani zote za Mama. Nikashuka nazo, nikazipanga mlangoni pake safi kabisa, bila kitu ndani, nikapanda zangu juu.

Haukupita muda nikasikia ngazi zinalia. Mama ana magoti mabovu, na tangu nihamie hakuwahi kupanda ngazi zile; kila kitu humtuma binti. Siku ile alipanda mwenyewe, akipumzika kila baada ya hatua chache na kunung'unika kwa sauti ili nimsikie. Nataka ijulikane wazi kwamba hakuja kuniokoa. Alikuja kugombana.

"Nimekukosa nini miye?" alianza kabla sijaufungua mlango vizuri. "Nakula nawe kama mwanangu wa kumzaa, leo waniregeshea sahani tupu, zote pamoja, kama mtu aregeshaye posa? Kama kuna neno, nambia kwa mdomo."

Nilitaka kusema samahani. Naye alikuwa ameshaingia, akasimama katikati ya chumba, akaona sanduku lililofungwa, na kitanda kilichotandikwa, na pasi yenye kikaratasi. Hasira yake ikakatika.

"Wahama?"

"La."

"Wenda kwenu?"

"La, Mama."

Akanishika kidevu. "Nitazama mato. Usinifite. Wataka kujiua?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kaka yangu na wenzangu wa kanisani walizunguka, walishauri, walinukuu Biblia. Yeye aliliuliza swali lenyewe, na mimi, niliyekuwa nimejibu salama kila siku kwenye ngazi, nikasema, "Ndiyo, Mama."

Nilitarajia mayowe. Nilitarajia nyumba nzima ijae watu. Akaketi kitandani, akapapasa nafasi kando yake. "Kaa hapa. Nimekuya kukugombeza, na nitakugombeza. Lakini si leo."

Nikacheka. Kicheko changu cha kwanza kwa miezi kilitoka na makamasi, kikageuka kilio, naye akanikumbatia akinuka vitunguu, akalia pia. Alipomaliza akapangusa uso kwa mtandio wake. "Dawa ya haya miye siijui," akasema. "Lakini yuko ajuaye, na twenda kwake sasa hivi. Wewe hutoki katika mato yangu." Akamwita binti kutoka ngazini, akavaa buibui, tukaenda hospitali sisi watatu kabla jua halijatua.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu. Akaniuliza swali lile lile bila kupepesa, kisha mengine mengi, na akasema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, una matibabu, na watu hupona. Hakuniambia niombe wala nisiombe. Aliuliza nani atakaa nami, maana kwa muda sikufaa kuachwa peke yangu.

"Miye," Mama akasema. "Huyu ni mzazi wangu."

Daktari hakufahamu. Binti akamweleza kwamba kwao mzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na haachwi peke yake mpaka arubaini yake iishe. Hulala na watu, hulishwa, huogeshwa, na hakuna anayemwuliza kwa nini amechoka. Daktari akatabasamu, akasema mpango mzuri kuliko huo yeye hana.

Basi mimi, ambaye sijawahi kuzaa, nikawekwa kama mzazi. Nililala chumba cha binti, nikanyweshwa uji wa pilipili manga hata nikauchukia. Dawa alikaa nazo Mama kabatini mwake kwa ufunguo, akinipa kwa wakati wake na kusimama mpaka nimeze. Kila Alhamisi binti alinisindikiza kwa mshauri niliyepewa pale hospitalini, akaningoja nje akisahihisha madaftari ya watoto. Na Mama, ambaye habari ya mtaa haimpiti bila kuongezewa chumvi, hakumwambia mtu ila wale niliomruhusu awaambie. Nadhani ndiyo siri pekee aliyowahi kuiweka, na ilimtesa.

Kaka yangu alivuka na feri siku ya pili, akakaa ukingoni mwa kiti na tikiti maji mapajani. Mama akampokonya tikiti. "Usimwambie asifikiri," akamwambia. "Muulize amekula nini." Mpaka leo ananipigia kila jioni: umekula nini? Nikimwambia wali na samaki, hutaka kujua samaki gani.

Sikupona upesi. Dawa ilichukua wiki kadhaa kushika, na mwanzoni mdomo ulinikauka nikawa na kisirani, nikamjibu Mama vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi. Wapo waliosema nimerogwa. Zipo siku nilizofanya jambo moja tu, kuoga, na binti akaniambia hilo latosha. Nilirudi kazini pole pole. Siku niliyojua nimevuka, nilikuwa Kilindini kwenye simu, nikimfokea dereva wa lori aliyepeleka kontena langu kwenye yadi nyingine. Nilimfokea kwa moyo wangu wote. Katikati ya maneno nikasita, nikajisikiliza, nikagundua kwamba najali kontena lilipo. Yule maskini hakuelewa kwa nini nilimshukuru kabla ya kukata.

Nikarudi orofani kwangu. Nikapika, nikanunua pazia la rangi ya kupiga kelele. Nilidhani yamekwisha, na kwa muda mrefu yalikuwa yamekwisha.

Yakarudi wakati wa mvua za masika. Nililitambua mara moja lile wazo, lina adabu zile zile. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, na chini nyumba ilikuwa imejaa, maana ndiyo siku waliyokuja wanawake wa upande wa mwanamume kumposa binti. Nilisikia vigelegele. Wazo likaniambia nisiwaharibie watu furaha yao, ningoje mpaka kesho ndipo niseme. Lilisema hivyo kwa upole sana, na hapo ndipo hasira zangu, Mungu azibariki, ziliponipanda. Nikavaa viatu nikashuka.

Mlango ulikuwa wazi. Wanawake wameketi mikekani na nguo zao za thamani, Mama katikati kama waziri. Wote wakageuka. Nilikuwa na kanga ya kulalia, na nywele sikuwa nimechana.

"Yamerudi, Mama," nikasema mbele yao wote. "Nimekuja mapema."

Hakuniuliza ni yapi. Akamsukuma mama mkwe wa bintiye kwa kiwiko ili asogee, akanipa nafasi kati yao, na mbele ya wageni wote akavuta simu akampigia daktari.