Mama Aliponisifu kwa Daktari

Kwetu Malindi, mtoto wa kike asiyemtazama mkubwa machoni husifiwa kwa adabu. Mimi nilisifiwa mpaka nikavimba kichwa. Hakuna aliyegundua, hata mimi mwenyewe, kwamba macho ya watu yalikuwa yakinichoma, na kwamba wadogo pia sikuwatazama.

Nilifika miaka arobaini na ushei bila wasiwasi wowote juu yangu, ila ule waliokuwa nao watu wengine wote. Aliyekuwa mume wangu aliniita jiwe. Majirani walisema nina kiburi, kwa kuwa nikienda harusini hujificha jikoni nikikuna nazi mpaka bibi harusi aondoke. Kisha siku moja nikamsindikiza dada yangu kumpeleka binti yake mdogo kupimwa usonji. Kila swali lililoulizwa juu ya yule mtoto, mimi nililijibu kimoyomoyo, na nadhani nilimshinda.

Nikaomba nipimwe na mimi. Nilitaka kujua jambo moja tu: mimi ni mtu mbaya, au kuna sababu? Daktari aliyempima yule mtoto, msichana mpole aliyekuwa na chumba chake cha kazi Kilifi, alikubali, lakini alitaka mtu aliyenilea aje amweleze utoto wangu. Baba ametangulia mbele ya haki. Akabaki mama.

Nilimweleza mama kwa kirefu, nikadhani ameelewa. Kumbe alichosikia ni kwamba kuna mtu anaulizia habari za binti yake. Na kwetu mtu akija kuulizia habari za binti, hiyo ni posa. Mama akavaa baibui jipya, akajifukiza udi, tukapanda gari la Kilifi.

"Alipokuwa mdogo, alipata shida kuzungumza na watu?" daktari akauliza.

"Shida? Mwanangu huyu, mashallah, hana kasoro. Ana ulimi wa asali."

Ulimi wa asali! Mimi, niliyemwambia mfiwa mbele ya kadamnasi kwamba wali wa matanga umepungua chumvi.

"Kelele zilimsumbua?"

"Hata! Apenda watu huyu. Na kupika ajua."

"Mama," nikasema, "hapa hakuna anayenioa."

"Nyamaza wewe," akanijibu, kisha akamgeukia daktari kwa tabasamu.

Nilipandwa na hasira, halafu nikaingiwa na hofu. Daktari alikuwa akiandika yote hayo. Nilijiona nikirudi Malindi na cheti cha kuthibitisha kwamba sina tatizo lolote, ni roho mbaya tu.

"Mama, nimechoka kuitwa jiwe," nikamwambia. "Mwambie kweli."

Mama akavuta baibui lake, akalitandaza vizuri magotini.

"Alikuwa na marafiki?" daktari akauliza taratibu.

Hilo nililijua mwenyewe. Nilikuwa nao tele, ua wetu ulikuwa ukijaa watoto kila jioni. Nikafungua mdomo nijibu, lakini mama akanitangulia.

"Hakuwa nao," alisema. "Nilikuwa nikikaanga kaimati, nawaita watoto wa mtaa waje wacheze naye. Wakila, wakishiba, wakenda zao. Yeye akabaki na vifuniko vyake vya soda, avipanga, kafurahi kwamba kajiwa na wageni. Kesho yake nikakaanga tena. Nilikaanga mpaka akawa mkubwa." Kisha akamwuliza daktari, "Sasa nimemharibia mwanangu?"

"Hapana, mama. Umemsaidia."

Mama akaanza kulia. Mtu akilia, mimi sijui mikono niipeleke wapi. Niliunyoosha mmoja nimshike bega, nikaishia kushika mkoba wake. Hakuuvuta. Aliniachia, tukakaa hivyo hivyo, yeye analia na mimi nimekumbatia mkoba, mpaka daktari akamaliza kuandika.