Fundi Zuhair na Bunduki ya Kunguru

Muulize mtu yeyote wa Shella, Malindi, nani anashona kanzu isiyovuta mabegani, atakupeleka kwa Zuhair. Kibaraza chake kina cherehani moja, feni inayolalamika, na mkebe wa sindano zilizopangwa kwa namba. Mwenyewe ni mpole kupita kiasi. Mende akiingia dukani, humsukuma nje kwa rula. Siku ya Idi mbuzi wake huchinjwa na jirani, naye hujipa shughuli chumbani mpaka damu imwagiwe maji. Sasa mtu kama huyo ndiye watu wa mtaa waliyemchagua awapige kunguru. Sababu yao ilikuwa moja tu: mkono wake hautetemeki anapotunga uzi.

Na hao kunguru tusiwape heshima wasiyostahili. Siwasemi wale wetu wa asili wenye kizibao cheupe. Nawasema wale wageni wa shingo ya kijivu, waliokuja na meli zamani wakasahau njia ya kurudi. Humpokonya mtoto chapati mkononi. Huwamaliza makinda ya ndege wadogo, na kifaranga cha kuku kwao ni kifungua kinywa. Bi Shekha, mkewe Zuhair, anafuga kuku uani. Asubuhi moja alitoka na mtama mkononi akamkuta kuku wake mweupe anazunguka peke yake, anaita, hana wa kumwitikia. Bi Shekha alilia waziwazi, wala hakuona haya.

Mwaka uliopita mtaa ulijaribu sumu. Nyama ilitiwa dawa, kunguru wakaila, lakini wengine waliibeba wakaenda kuidondosha kwenye nyua za watu. Wakafa paka, akafa na jogoo wa Kadzo, jirani yao. Kwa hiyo mwaka huu kamati ya mtaa ikaamua kujaribu bunduki ya upepo. Ikatafuta kibali serikalini, maana Kenya huamki tu ukaenda kuwinda, kisha ikamwomba Mzee Hesbon asimamie kazi. Hesbon ni Mgiriama wa Ganze, askari wa wanyamapori mstaafu, mtu wa maneno machache. Na kamati ikasema wazi: bunduki ikishindwa, tunarudi kwenye sumu.

Hapo ndipo raha ilipomtoka Zuhair. Ana mjukuu aliyeanza kutambaa, na mtoto huyo chochote anachookota uani hukipeleka kinywani kwanza, maswali baadaye.

Hesbon alileta bunduki mbili kibarazani.

"Shikamoo, Mzee Hesbon."

"Marahaba, fundi. Chagua. Hii risasi yake ni ndogo, milimita nne na nusu. Hii nyingine ni tano na nusu."

Zuhair aliziweka risasi mbili kwenye kiganja. Ile ndogo ilikuwa kitu cha kuonea huruma, imebanwa kiuno kama kofia ya mwanasesere. Kubwa ilikuwa nzito, ina sura ya ubaya. Akafikiri kama fundi, kwa vile ndivyo anavyojua kufikiri. Hariri hushonwa kwa sindano namba tisa ili isitoboke. Sindano ikiwa nyembamba, kitambaa hakiumii. Basi na ndege naye ni kiumbe laini, kwa nini apigwe na chuma kinene?

"Hii ndogo," alisema. "Itamuumiza kidogo."

Hesbon aliguna. "Kunguru si panya, fundi. Ndogo itamuua ukimpata kichwani barabara. Ukikosea kidogo, umemtesa."

"Sitakosea, mzee wangu. Mkono huu nimeulea miaka."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ya kwanza kunguru alitua juu ya ukuta wa uani, Zuhair akalenga kichwa, akavuta pumzi, akafyatua. Katika kufyatua huko, ndege aligeuka. Risasi ikampata chini ya bawa, ikapita mbio ikatokea upande wa pili. Kunguru akaanguka, lakini hakufa. Alikimbia uani huku akiburura bawa, akajibanza chini ya karai la kufulia, mdomo wazi. Wenzake wakakusanyika juu ya paa wakapiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje.

Zuhair alisimama tu na bunduki yake. Aliyemaliza kazi ni Bi Shekha. Alimfunika kunguru kwa kanga, akapiga bismillahi, akamkata kwa kisu cha jikoni. Kisha aliketi kizingitini, mikono imelowa damu, akamtazama mumewe.

"Baba Fahima, kama kuua kwenyewe ndiko huku, waache wawale vifaranga. Mimi sitaki."

Maneno hayo yalimuuma Zuhair kuliko matusi. Tangu udogo, kwenye chuo cha Kurani, walifundishwa kwamba kinachouawa kiuawe kwa wema, kisu kinolewe, mnyama asiteswe. Yeye, anayemtoa mende kwa rula, ndiye aliyemtesa kiumbe uani kwake mbele ya mkewe. Chakula kilimshinda. Alishona kola kinyume, akaifumua, akaishona tena kinyume. Na habari zilifika kwa kamati kabla hata damu haijakauka, kwa sababu Shella haina siri. Mwenyekiti akatuma neno: mjaribu tena mara moja tu, ikiharibika tunatega nyama yenye dawa.

Zuhair alimpelekea Hesbon ujumbe aje achukue bunduki zake.

Hesbon alikuja, lakini hakugusa bunduki. Alikuja na mkoba wake wa turubai wa enzi za kazi, mshono umeachia pembeni. "Nishonee huu kwanza, halafu tutaongea."

Zuhair alipokea mkoba, akauminya kwa vidole, na bila kuwaza akatoa sindano namba tisa iliyokuwa kwenye cherehani akatia namba kumi na nane.

"Mbona umebadilisha?" Hesbon aliuliza. "Si ile nyembamba ndiyo haiumizi?"

"Aka, mzee! Kwa turubai? Nyembamba itapinda, itaruka mishono, nitarudia na kurudia mpaka niharibu mkoba wote. Kitambaa kizito kinataka sindano ya..."

Alimtazama mzee, akaitazama sindano, akajiona mjinga, na ujinga huo ulimpa nafuu ya kwanza tangu siku ile. Kumbe huruma yake ilikuwa imesimama upande usio wake. Alikuwa amemwonea huruma kunguru kwa macho ya mtu anayetaka aishi, na hali amekwenda kumuua.

"Ile kubwa hugonga," Hesbon alisema polepole. "Nguvu yake yote inabaki ndani ya ndege, haipiti ikaenda zake. Anazimika. Lakini usidanganyike, fundi, bado ni kichwani tu. Tena inaanguka mapema njiani, kwa hiyo ukae karibu. Na nyuma ya ndege pawe na ukuta, si dirisha la mtu."

Wakaichukua ile kubwa, wakaenda nyuma ya nyumba ya Hesbon, wakapanga vifuu vya nazi mbele ya ukuta wa mawe. Zuhair alichora kwa chaki, juu ya kila kifuu, duara la ukubwa wa kifungo cha koti. Alianza mbali, risasi zikatawanyika. Akasogea. Akasogea tena. Hakuridhika mpaka alipofika mahali ambapo kila risasi ilizama ndani ya duara, hata zile alizopiga akiwa amechoka. Hapo akaburura kisigino mchangani.

"Zaidi ya hapa sipigi," alisema. "Hata kunguru akinitukana."

"Sasa ndiyo unaongea," Hesbon akajibu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Asubuhi ya jaribio Bi Shekha alimwaga matumbo ya samaki juu ya jiwe la kuparia magamba, karibu na ukuta, kisha akaingia jikoni na mjukuu mgongoni. Hakutaka kuona. Zuhair alijificha nyuma ya pazia la mlango, umbali uleule wa alama ya kisigino, Hesbon pembeni yake. Wakaja kunguru. Mmoja alimpa mgongo, Zuhair akamwacha. Mwingine alitua juu ya karai, nyuma yake hakuna ukuta, akamwacha. Wa tatu alikuwa na kizibao cheupe, huyo ni mwenyeji, akala akashiba akaondoka salama. Jasho lilimtiririka Zuhair machoni na hakuthubutu kulifuta. Alikuwa anaomba Mungu, si apate, bali asimtese kiumbe tena.

Kisha mmoja wa shingo ya kijivu alitua jiweni, akainama, akachukua utumbo, akainua kichwa akatulia.

Bunduki ilikohoa.

Zuhair alishatoka mbio kabla hajajua, kisu mkononi, tayari kumaliza taabu kama ipo. Alipofika jiweni alisimama. Hapakuwa na cha kumaliza. Ndege alikuwa amelala ubavu, bawa halitetemeki, mguu haukwaruzi. Juu ya paa kimya. Mkono wa fundi, ule ambao mtaa mzima unausifu, sasa ndio ulianza kutetemeka mpaka kisu kikaanguka.

Nyuma yake Hesbon alikuwa keshapiga simu. "Mwenyekiti, hiyo dawa yenu kaizikeni," alisema. "Huku tunaendelea." Sauti ya upande wa pili ikasema sawa, na ikashukuru.

Bi Shekha alitoka jikoni taratibu. Aliinama, akamgeuza kunguru kwa kijiti, akamtazama kwa muda mrefu. Kipande cha utumbo kilikuwa bado kimo mdomoni mwake, hakijamezwa.

"Huyu hata hakujua, Baba Fahima," alisema kwa upole. "Alikuwa anakula tu."

Zuhair aliketi pale pale chini, akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa faraja, na mkewe akaketi kando yake.