Udongo wa Zizini

Emilia aliposikia neno "madini" tu, moyo ulimlipuka. Kaka yake wa Bahi aliwahi kutembelewa na watu wenye vyombo vya kutoboa ardhi. Wao nao walisema wanapima madini. Mwaka haukuisha, mawe ya mipaka yakasimama katikati ya shamba lake, na mpaka leo hajui ni ya nani.

Sasa bwana shamba Gerson alikuwa amesimama uani kwake, hapa Mlali, na binti aliyejitambulisha kwa jina la Mwajabu, mtafiti wa mazao.

"Shikamoo mama. Tunaomba udongo kidogo wa shambani na punje za mtama wako. Tunataka kujua madini yaliyomo."

"Marahaba. Ya nini hayo madini?"

"Zinki na chuma, mama. Mtoto akiyakosa kwenye chakula hakui vizuri, anauguaugua."

Madini ndani ya mtama! Emilia alicheka kwa mdomo, macho yakabaki makavu. Punje aliwapa, bakuli zima, maana chakula hakinyimwi mgeni. Kuhusu udongo aliwaambia wasihangaike na jua, atauleta mwenyewe. Gerson, aliyekuwa na mashamba mengine kumi ya kuzungukia, akakubali haraka. Emilia akazunguka nyuma ya nyumba, akachota udongo wa zizi la zamani la ng'ombe, akaufunga vizuri kwenye mfuko wao. Wakachimbe huko, alijisemea.

Miezi mitatu baadaye wakarudi. Wanakijiji wakaitwa, na Mwajabu akasoma majibu. Alipofika kwa Emilia akasita.

"Hapa pametushangaza. Udongo wa mama huyu umejaa zinki kuliko wote, lakini punje zake karibu hazina kitu. Inaonekana mbegu hii ya kienyeji haiwezi kunyonya. Tutashauri watu waachane nayo."

Emilia akasimama kama aliyechomwa na mwiba. "Nilijua! Mnataka tutupe mbegu zetu tununue zenu!"

Watu wakaguna, wengine wakimwunga mkono. Mbegu ile aliachiwa na mama yake. Iliwavusha miaka ya njaa ambayo mahindi yalikauka yote. Lakini alipoketi, akaukumbuka ule mfuko. Kosa halikuwa la mbegu. Binti alikuwa amelinganisha mtama wa shambani na udongo wa zizini.

Akasubiri watu watawanyike. Kisha akamshika Mwajabu mkono.

"Mwanangu, ule udongo si wa shambani. Niliwadanganya. Nilidhani mnataka ardhi yangu."

Gerson akaanza kufoka. Mwajabu akamzuia, ingawa uso wake ulikuwa umekunjamana. "Nusura niiue mbegu nzuri, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimesema."

Safari hii wakaenda shambani wote watatu. Emilia akahesabu kila mfuko na kuangalia kila kilichoandikwa juu yake. Mwajabu akang'oa shina moja, akamwonyesha mizizi.

"Mzizi hautafuni udongo, mama, unakunywa. Zinki isipoyeyuka kwenye maji, mmea unakaa nayo jirani na hauipati. Ikishaingia, nyingine inabaki majanini, nyingine inapandishwa kwenye punje inapokomaa. Huko inakaa zaidi kwenye kiini na ganda la nje."

"Kwa hiyo tukikoboa sana tunaitupa?"

"Sehemu kubwa, ndiyo."

Majibu mapya yalionyesha udongo wa shamba umechoka, zinki yenyewe ni ya kutafuta. Mbegu haikuwa na hatia. Mwajabu akaifuta kauli yake mbele ya kijiji kilekile. Kabla ya mvua, Emilia akasomba samadi ya zizini tenga kwa tenga hadi shambani. Mavuno yaliyofuata, zinki katika punje zake ilikuwa imepanda, si sana, lakini imepanda.

Mwajabu alipomletea karatasi ya majibu, Emilia aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akampikia ugali wa mtama kwa mlenda. Baada ya mgeni kuondoka, akampelekea mwalimu wa jirani karatasi ile amsomee neno kwa neno, ahakikishe hakuna mahali palipoandikwa kuchukua shamba lake.