Mkalimani Aliyenyamaza Lilongwe

Watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, walimjua Apollinaire kama fundi wa suruali. Waliomjua zaidi walijua pia kwamba ni mtu aliyemlilia mkewe bila kuiona maiti.

Zamani, kule Uvira, mashariki ya Kongo, hakuwa fundi. Alikuwa wakala wa forodha Kavimvira, mpakani na Burundi, kazi ya kujaza karatasi na kusubiri mihuri, na wenye malori walimfuata hadi nyumbani kwa sababu alizijua sheria za mpaka kuwashinda maofisa wengine. Mkewe, Espérance, aliuza vitenge sokoni. Walikuwa na binti mmoja, Gabriella. Mwaka binti huyo alipotimiza kumi na mmoja, Espérance alimchukua wakaenda Fizi kumsaidia bibi yake mtoto kuvuna mihogo, Apollinaire akabaki kwa ajili ya kazi. Wiki ya pili mapigano yakashuka kutoka milimani. Watu wa kijiji kile wakakimbilia ziwani, wakapanda boti la mbao lililokuwa limeshajaa, na boti likazama kabla halijafika ng'ambo. Jirani mmoja aliyeokolewa alirudi Uvira, akasimama mlangoni kwa Apollinaire na nguo za kuazima.

"Papa Gabriella," alisema, "nilibaona banapanda. Bote babili."

Kanisani wakamwombea, nyumbani watu wakalala kwenye mikeka siku saba. Hata machozi hayajakauka, watu wenye bunduki wakaja kumtafuta, kwani aliwahi kukataa kuwapitishia mzigo. Aliruka ukuta wa nyuma na shati alilolivaa, akavuka Tanzania, akaingia Malawi kupitia Songwe.

Dzaleka ndiko alikojifunza cherehani. Baadaye alifungua kibanda Mtandire, pembezoni mwa Lilongwe, akashona suruali za wauza nyanya na wajenzi, na huko Kichewa kikamwingia mpaka akawa anakiota. Amri ilipotoka kwamba wakimbizi wote warudi kambini, alirudi na cherehani yake juu ya lori la matofali. Lakini hakurudi peke yake. Alikuwa amemwoa Charlène, fundi mwenzake wa kutoka Bukavu, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, na walikuwa na mtoto wa miaka minne. Majina ya wote watatu yalikuwa kwenye ofisi ya wakimbizi, katika dosie moja, jalada la maombi ya kupelekwa nchi ya mbali. Mahojiano yalikuwa yamekwisha. Walichokuwa wakingoja ni kuitwa tu.

Mwaka huo ndipo ujumbe wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipokuja Lilongwe kuzungumza na Malawi. Malawi si mwanachama, ila ni jirani wa ukuta mmoja, na mahindi, mchele na soya vilikuwa vinavuka mpaka kila siku, kwa karatasi au bila karatasi. Wakubwa walitaka kukubaliana juu ya barabara, forodha na usalama wa kanda, na safari hii wakawaalika pia wafanyabiashara wadogo. Shida ikawa lugha. Baadhi ya wageni wangesema Kiswahili, na akina mama wa soko la Lumbadzi walikijua Kichewa tu. Mtu mmoja akasema Kiswahili kiko Dzaleka. Ndivyo Apollinaire alivyopewa kibali cha kutoka kambini kwa siku tatu, yeye na Pascaline, mwalimu mstaafu wa Bukavu, wakaingizwa katika kibanda cha vioo cha wakalimani nyuma ya ukumbi wa hoteli, na vipokea sauti masikioni.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Apollinaire alisikia tena maneno aliyoyaacha Kavimvira: tamko la bidhaa, cheti cha asili, ushuru wa pamoja. Akayageuza kwa Kichewa yakaeleweka, mpaka mama mmoja muuza karanga akageuka kukitazama kile kibanda na kumpungia mkono. Mchana Pascaline alimwambia, "Papa Apollinaire, leo umerudi kijana."

Siku ya pili, saa nne asubuhi, alipanda jukwaani ofisa wa biashara kutoka Bujumbura, Bi Sindayigaya. Alitaka kuwaonyesha Wamalawi jinsi utaratibu wa wafanyabiashara wadogo unavyofanya kazi kwingine. Taa zikapunguzwa, picha zikaanza kupita kwenye ukuta mkubwa mbele. Apollinaire alimfuata neno kwa neno.

"Huyu mama," alisema Bi Sindayigaya, "anavuka kutoka Uvira kuja kwetu mara tatu kwa wiki. Ana kitambulisho na fomu moja tu. Zamani alipita vichakani. Picha hii niliipiga mwenyewe mwaka jana, mwezi wa nane."

Apollinaire alifungua kinywa atafsiri, sauti haikutoka.

Ukutani, mrefu kama nyumba, alisimama Espérance. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi upande mmoja, mkononi ameshika fomu kama mtu anayeonyesha cheti cha shule. Nyuma yake palikuwa na madebe ya mawese na msichana mwenye shingo ndefu aliyekuwa akicheka na mtu asiyeonekana.

Akina mama wa Lumbadzi wakaanza kugonga vipokea sauti vyao. Walidhani vimeharibika. Apollinaire aliwaona wakigonga, akaelewa kwamba ni yeye wanayemngoja, na bado ulimi ulikuwa umelala kama si wake. Akafikiri, kwa utulivu wa ajabu, kwamba pengine yeye ndiye aliyekufa.

Pascaline alimsukuma kando, akaishika maikrofoni, akaendelea. Apollinaire akavua vipokea sauti, akafungua mlango wa kibanda na kupita katikati ya meza za wajumbe, suti kwa suti, bendera kwa bendera, mpaka mbele. Alipofika, picha ilikuwa imebadilika. Sasa palikuwa na ghala la mahindi.

"Irudisheni," alisema.

Mlinzi akaanza kuja. Mwenyekiti wa kikao akamwinulia mkono mlinzi, akamuuliza Apollinaire kwa Kiingereza ana tatizo gani.

Apollinaire alijibu kwa Kiswahili, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mheshimiwa, mama yule ni mke wangu. Alikufa."

Mtu mmoja upande wa nyuma alicheka, kisha akajikatisha. Bi Sindayigaya alimtazama uso, akairudisha picha. Wote wakabaki wanamtazama mwanaume mwenye shati jeupe aliyesimama chini ya mwanamke mrefu kama nyumba. Akanyoosha kidole kuelekea kwa msichana mwenye shingo ndefu.

"Na yule ni mtoto wangu," alisema, akakaa chini sakafuni.

Kikao kikaahirishwa kwa chai kabla ya wakati. Bi Sindayigaya alimtoa nje, kwenye maegesho ya magari, akampa maji, akampigia simu mwenyekiti wa chama cha akina mama wa Kavimvira. Waliongea Kirundi, kisha Kiswahili. Ilipita kama nusu saa. Simu ikalia.

"Allô?" ilisema sauti. "Mama mwenyekiti anasema kuko muntu ananitafuta."

"Espérance," alisema Apollinaire. "Njo mi. Apollinaire."

Nyuma zikasikika honi za malori.

"Sikiya, we muntu," ilisema ile sauti, safari hii kali. "Bwana yangu alikufaka. Usinichezee. Mi niko kazi."

Akakata. Apollinaire akapiga tena, na ilipopokelewa hakungoja salamu. "Siku ya ndoa yetu pasteur alikosea jina yako. Alikuita Esther. We ukakataa kujibu, batu bote bakacheka, mama yangu akakasirika mwaka muzima."

Kilichofuata hakikuwa neno. Ulikuwa ukelele ambao Bi Sindayigaya, aliyesimama hatua tano kando, aliusikia akafumba macho. Kisha wanawake wengi wakapiga kelele kwa pamoja upande ule, mmoja akiuliza nani amekufa, mwingine akijibu kwamba hakufa mtu, kuna mtu amefufuka.

Espérance alipopata pumzi alieleza kwa vipandevipande. Kweli walipanda lile boti. Gabriella aliogopa maji, akaponyoka mkononi, akarukia ufukweni. "Nikashuka kumukamata," alisema, "naye anakimbia. Kugeuka, boti inaenda. Nililaani mutoto siku ile, Apollinaire. Nilimupiga." Walijificha mjini Baraka miezi mingi. Waliporudi Uvira walikuta watu wengine wanaishi ndani ya nyumba yao, na jirani mwingine akawaambia Apollinaire alipakiwa kwenye lori na wenye bunduki, akauawa karibu na mto Ruzizi. "Nilinyoa kichwa. Nilikaa kilio. Nilikuzikaka, miye."

"Na mi nilikuzikaka," alisema Apollinaire.

Ikaingia sauti nyingine, sauti ya mwanamke mzima ambayo hakuwahi kuisikia. "Papa? Jambo, papa." Apollinaire alikuwa bado anaitafuta ile ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, hivyo alichelewa kujibu, na yule mwanamke mzima akaanza kulia akidhani simu imekatika.

Kabla ya kuagana alimwambia Espérance ukweli, kwamba ameoa na ana mtoto. Hakutaka ausikie kwa mtu mwingine.

"Mi pia niko na kengine katoto," alisema Espérance. "Baba yake alienda Kalemie, hakurudi. Basi." Baada ya hapo akasema lori la mzigo linaondoka, lazima aende.

Siku ya tatu Apollinaire alirudi kwenye kibanda cha vioo, ingawa Pascaline alimsihi apumzike. Alitafsiri mpaka kipengele cha wafanyabiashara wadogo kuvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Hapo akaomba ruhusa ya kuuliza swali lake mwenyewe: je, mtu mwenye karatasi ya ukimbizi atavukaje kwa utaratibu huo?

Mjumbe mmoja akapekua nyaraka, akapekua tena. Hakuwa mtu mbaya. "Ndugu yangu," alisema, "mkimbizi hatukumwandika popote humu."

Rasimu ya makubaliano ilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Gunia la soya lilikuwa na ukurasa wake, mbuzi walikuwa na kipengele chao cha chanjo. Apollinaire akabonyeza kitufe, akawatafsiria akina mama wa Lumbadzi jibu alilopewa, kwa Kichewa safi. Yule muuza karanga akavua vipokea sauti na kuviweka mezani.

Alifika kambini alasiri, kwa kabaza, pikipiki ya abiria, kutoka Lumbadzi. Charlène alikuwa anashona sare za shule. Apollinaire alisimama mbele ya cherehani, akamwambia yote, bila kukaa.

Mguu wa Charlène uliacha kukanyaga. "Iko muzima?"

"Iko muzima."

"Na mutoto?"

"Na mutoto."

Charlène alikata uzi, akakunja sare vizuri, akatoka nje. Kwa siku nne aliongea na mtoto tu. Mchungaji alikuja kuwatembelea, akafungua Biblia, akaifunga, akaomba kikombe cha maji. Majirani waligawanyika. Wengine walisema huo ni muujiza, wengine walisema muujiza wa namna hiyo unavunja nyumba. Na wote walijua jambo moja ambalo Apollinaire hakuwa amethubutu kulitaja: katika dosie yake aliandikwa mgane aliyeoa tena. Akiyabadilisha maandishi hayo, dosie itafunguliwa upya tangu mwanzo, na safari itarudi nyuma kwa miaka ambayo hakuna mtu angeweza kuitaja. Akinyamaza, wangeweza kuitwa mwezi ujao, na Espérance na Gabriella wangebaki wafu kwenye karatasi daima.

Siku ya tano Charlène alimkuta amekaa kitandani na simu mkononi, picha ya Gabriella aliyotumiwa imewaka.

"Anafanana na we shingo," alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza. "Vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Ku ofisi."

"Charlène, unajua tutapoteza nini?"

"Najua sana. Ni mi nilihesabu siku, hapana we." Alikuwa tayari amejifunga kitenge cha kutokea. "Lakini mi siwezi kupanda ndege juu ya kaburi ya muntu iko anauza mawese. Kila nikishona nitamuona. Vaa viatu."

Walipanga foleni tangu saa moja hadi saa sita. Karani, Mmalawi aliyejifunza Kiswahili kwa miaka mingi ya kukaa dirishani pale, alisikiliza akikuna sikio kwa kalamu, akaomba arudiwe maelezo. Akaenda kumwita mwenzake, naye akarudiwa. Kisha akaivuta dosie, akaifungua ukurasa ulioandikwa mgane.

"Mnafahamu kwamba hii inasimama?" aliuliza. "Inarudi mwanzo."

"Tunafahamu," alisema Apollinaire.

"Huyu wa Uvira nimwandike nani? Nafasi ya mke iko moja."

Apollinaire alifungua kinywa. Mambo yalikuwa yaleyale ya kwenye kibanda cha vioo, ulimi umelala. Alimtazama Charlène.

Charlène alisogea dirishani, akaweka viwiko vyote viwili kwenye ukingo. Macho yalikuwa yamejaa lakini sauti ilikuwa kavu. "Andika Espérance, muke, iko muzima, Uvira. Andika Gabriella, mutoto, iko muzima. Mi niandike chini. Kama nafasi haiko, chora mustari."

Karani akaandika majina yale mawili. Kisha akachukua rula, akachora mstari chini yao.