Kitabu Kilichosomwa Uani kwa Jirani, Shituru

Juzi mjukuu wangu alikuwa amekaa mlangoni, simu mkononi, na maharagwe niliyompa achambue yamelala kwenye ungo bila kuguswa. Nikamuuliza anasoma kitu gani hicho hata tutafune mawe. Akasema anasoma maoni. Maoni ya nini? Ya kitabu, nkambo (ndivyo anavyoniita mimi bibi yake), kitabu cha mapenzi cha wakati wa vita. Watu wamekisoma, na kila mmoja ameandika alivyokiona. Akanisomea. Mmoja alilia mpaka macho yakavimba. Mwingine akasema yule msichana ni mjinga, angemfuata mwanaume wake na mambo yaishe. Wa tatu ameapa hatagusa tena kitabu cha mwandishi yule.

Mjukuu akacheka. "Nkambo, ona bantu banavyogombana juu ya bantu benye habakuzaliwa!"

Mimi sikucheka. Nilichukua ungo nikachambua mwenyewe, maana moyo ulikuwa umekwisha kufika Shituru nilikokulia, kwenye ua wa jirani yetu. Kugombana juu ya watu wa kitabuni tulikuanza sisi zamani, bila simu, na kwetu haikuwa mchezo. Katika mabishano yale ndimo ilimoamuliwa kama dada yangu atabaki nyumbani au ataondoka.

Ngoja nikueleze taratibu, rafiki yangu, nawe uvumilie. Kalamu yangu ni ya darasa la nne. Sikuacha shule kwa kupenda. Walimu walikuwa hawalipwi, siku moja mwalimu wetu akafuta ubao, akatutazama, akasema kesho tusije. Ile kesho bado inaendelea.

Ilikuwa miaka ile kazi ilipoanza kufa. Tuliishi kwenye nyumba za kampuni, safu kwa safu, nyumba na nyumba zimetengwa na ua wa miti mifupi tu. Kiwanda cha shaba kilikuwa karibu sana, hata upepo ukigeuka tulipata harufu ya asidi iliyokuna koo. Zamani wanawake waliilaani harufu ile kwa sababu ilichoma mboga na nguo kambani. Kiwanda kilipoanza kunyamaza, wakawa wanaitafuta. Asubuhi mama alitoka mlangoni, akanusa kama mbwa, na akikohoa alifurahi. "Leo kuko kazi," alisema. Siku nyingi hakukohoa. Unga wa kampuni, ule tuliouita poso, ulichelewa, kisha ukapungua, kisha ukawa hadithi. Baba akaenda shambani Kapolowe kulima ili tusife njaa. Bukari, ugali wetu, tulisonga na unga wa muhogo mwingi kuliko mahindi, na sombe, yale majani ya muhogo, tuliipika bila karanga. Matembele tulikula mpaka nikaota ndoto za majani.

Jirani yetu ng'ambo ya ua alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kanisani. Wazazi wake walitoka jimbo la Kasai, mbali, kuja kufanya kazi ya kampuni, lakini yeye alizaliwa hapa, akabatizwa parokia yetu, akasomeshwa na masista. Alikuwa na kitabu kimoja. Kinene, cha Kifaransa, jalada limepotea, amekifunika kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Macho yake yalisoma Kifaransa na mdomo ukatoa Kiswahili, bila kukwama, kama mtu anayemimina maji kutoka ndoo hii kwenda ile.

Sheria yetu ilikuwa hii: mwenye kusoma hafanyi kazi. Mikono yake ni ya kitabu. Kwa hiyo kila mwanamke aliyeingia uani mchana alichukua kazi moja ya jirani. Huyu alitwanga sombe yake, yule alimwoshea mtoto, mwingine alishona shuka lililochanika. Mimi nilipepea makaa kwenye mbabula, na ole wangu nikisahau kupepea kwa kusikiliza. Jirani alipofunga kitabu, alikuta chakula kiko jikoni na nguo zimekauka. Hakuna aliyesikiliza mikono mitupu.

Kilikuwa kitabu cha vita vya wazungu. Msichana muoka mikate amechumbiwa, na mchumba wake ameenda vitani. Maadui wanauingia mji, na askari wao mmoja analazimisha kupewa chumba nyumbani kwa msichana. Mwanzoni hawasemezani. Halafu yule askari anaanza kuacha unga mezani, bila neno, anatoka. Taratibu wanazoeana. Siku moja anajaribu kukanda mkate, unga unampanda mpaka kwenye nyusi, na msichana anacheka.

Hapo ndipo ua ulipogawanyika.

"Ngoja kwanza," nkambo wangu alisema, mama mzazi wa mama yangu, mzee wa kulamba chumvi akalalamika haikukolea. "Uyu muchumba, alileta mali ya kuoa?"

"Kitabu hakisemi, nkambo."

"Tafuta."

Jirani akafunua kurasa nyuma, akatafuta kweli. "Alimupa pete."

"Pete ni ya kidole. Minye naulizia mali. Mbuzi iko wapi? Blanketi ya mama yake iko wapi?"

"Nkambo, ni bazungu."

"Bazungu habana bamama?" Nkambo akatema mate pembeni. "Kama hakuna mali, hakuna bwana. Ule mutoto ni wa kwabo bado. Soma."

Mke wa dereva wa treni, mwenye mdomo usiojua kufungwa, alikuwa upande wa yule askari tangu ukurasa wa unga. "Adui gani analeta unga? Bwana yangu iko hapa, anakula, analala, na haletake hata pumba! Munipe ule adui."

Wanawake walicheka mpaka mchi ukasimama. Mama hakucheka. Mama alikuwa upande wa mchumba, na hakutoka huko. "Neno ni neno," alisema. "Abakie kwabo. Mutoto mwanamuke hafuate muntu kule kwenye hakuna mwenye anajua kaburi ya nkambo yake."

Sauti ilikuwa kali kupita kitabu, na kila mtu akainama kwenye kazi yake. Maana mama hakuwa anamsema msichana wa mikate.

Jirani alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa kulehemu. Alikuwa kijana mpole, wa kusalimia kwanza. Alitulehemia jembe lililovunjika, kisha mbabula, kisha akaanza kulehemu vitu visivyovunjika. Yaya wangu, dada mkubwa, ndiye aliyekuwa akimpelekea. Tulilala mkeka mmoja, mimi na yaya, na alinuka sabuni ya mawese na moshi. Nilijua kabla ya mama. Baadaye kijana alituma shangazi yake kuja kuzungumza kwa heshima, na baba akajibu kutoka Kapolowe: "Mama yake akikubali, minye sina neno." Mama akasema wangoje.

Wakati tunangoja, maneno ya mjini yakabadilika. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Siasa yake sitaieleza, wanaoijua waieleze. Mimi naeleza nilichokiona kwenye ua wetu. Kwao wapi? Jirani hajawahi kuiona Kasai. Wanawake wengine wakaacha kuja, wakipita walitazama upande mwingine. Mama, nkambo na mke wa dereva waliendelea kuja, na kitabu kikaendelea. Lakini jirani alipofika kwenye neno "adui" alianza kusema "mgeni". Nkambo akamsimamisha.

"Sema adui, mutoto yangu. Njo vile kimeandikwa. Hapa hatukuogope."

Jirani akalia kidogo, akajipangusa na ncha ya kitenge, akasema "adui", akaendelea.

Kisha jirani na watu wake wakaondoka. Asubuhi moja nyumba ilikuwa wazi, na wao wamekwenda stesheni na mizigo yao, pamoja na familia nyingi nyingine, kungojea treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Watu walilala pale pale, kwenye mikeka. Kijana wa kulehemu akaleta ujumbe wa mwisho: treni ikija, yaya akitaka, aje. Asipotaka, hatamlaumu.

Yaya alichukua fagio. Alifagia nyumba, akaifagia tena. Mimi nilimshika nguo kila alikokwenda. Nilitaka abaki, sikufichi, nilikuwa mtoto na mkeka ulikuwa wetu wawili.

Siku ya pili yake mama akasimama katikati ya nyumba. "Kitabu hakiyaisha," akasema. "Beba kinu."

Nadhani mji ule haujaona tena kitu kama kile. Mke wa dereva mbele na kinu kichwani, mama na mchi, nkambo na fimbo yake, yaya na furushi la majani ya muhogo, mimi na mbabula. Njiani kijana mmoja akatupigia kelele: "Bamama! Munaendea nini kule kwa bale bantu?"

"Tunaenda kutwanga sombe," mke wa dereva akajibu bila kugeuza shingo. "Weye unajua kutwanga? Kuja!"

Kijana akarudi kwa wenzake.

Tulimkuta jirani ameketi juu ya godoro lililofungwa kwa kamba, mtoto magotini, macho yamezama. Hatukusalimiana kwa maneno mengi. Mama alichukua mtoto, akamuosha. Mke wa dereva akaenda kutafuta maji. Nilipowasha makaa, mama akatumbukiza majani kwenye kinu na kusema, "Mikono yako ni ya kitabu. Soma." Watu wa mikeka ya jirani wakasogea kusikiliza, na hata pale, katikati ya masanduku na vilio vya watoto, wakatafuta kazi ya kushika.

Akasoma mpaka mwisho. Jeshi la adui linaondoka. Yule askari anamwomba msichana wafuatane. Msichana anasimama mlangoni, mikono imejaa unga, haendi. Mchumba anarudi kutoka vitani, wanafunga ndoa, wanazaa, duka la mikate linakuwa kubwa. Anazeeka. Basi.

"Njo mwisho?" mke wa dereva akauliza.

"Njo mwisho."

"Ule mwandishi hakupendwa na muntu hata siku moja!"

"Amepata bwana, amepata batoto, mukate iko," nkambo akasema, lakini alikuwa anamtazama mama kwa pembe ya jicho. "Weye unasema nini? Si njo vile ulitaka?"

Mama alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Akasema, "Hapana. Ule mutoto alipaswa kwenda."

"Weye njo ulisema abakie."

"Nilisema. Sasa nimesikia mwisho." Mchi ukapanda, ukashuka. "Tangu alibakia, kuko pahali banasema alicheka? Nimesikiliza. Hakuna. Alicheka ile siku moja ya unga tu. Mama yake alikuwa wapi? Angemuambia, enda."

Hakumtazama yaya. Hakuna aliyemtazama. Jirani alifunga kitabu na kukilaza mapajani. Yaya alikaa chini polepole, hapo hapo alipokuwa, akafunika uso kwa mikono miwili. Mama akatwanga ile sombe mpaka ikawa laini kama uji, na nkambo ndiye aliyemshika mkono.

"Yatosha. Umeiua." Kisha akamgeukia jirani. "Basi, mali iko wapi? Mutoto yetu hatoke hapa kama mbuzi ya kupotea."

Jirani akatazama mizigo yake, ambayo haikuwa na kitu. Akasimama, akafungua kitenge cha juu kiunoni mwake, akakikunja vizuri, akakitoa kwa mikono miwili huku amepiga goti. Nkambo akakipokea, akakipitisha kwa mama, na mama akakifunga juu ya nguo yake. Ndiyo harusi ya yaya. Tulikula bukari na ile sombe iliyopondeka, wote kwenye sinia moja, kijana wa kulehemu naye.

Treni ilikuja siku chache baadaye. Sitaandika ile siku. Nilirudi nyumbani nikalala kwenye mkeka uliokuwa mpana.

Sasa hivi pale uani pamejengwa ukuta wa matofali. Ua wa miti umekatwa, nyumba zimepata wenyewe wapya, watu wema, lakini kila mmoja anatwanga kwake, au ananunua sombe iliyosagwa kwa mashine. Nkambo alikwisha kufa. Mke wa dereva alihamia kwa watoto wake. Kiwanda kilitoa moshi tena, kikazima tena. Sina haja ya kuisifu njaa ile. Ila sijakaa tena mahali ambapo mtu anaweza kusema neno zito kuliko mdomo wake, na wote wakalisikia, na asiulizwe alimaanisha nini.

Mama na yaya hawakuonana tena. Habari zilikuja: amefika, amezaa msichana, amempa jina la mama. Treni zikawa chache, njia mbaya, miaka ikaenda. Mama alikivaa kile kitenge Jumapili mpaka kikapauka, akaacha kukivaa, akakiweka chini ya mto.

Yaya alikuja kwenye matanga ya mama, baada ya maziko. Mwanamke mnene, Kiswahili chake kimeingiwa na Kiluba cha Kasai. Tulikaa chini kwenye mkeka, bega kwa bega, na nilimuuliza nilichokuwa nacho moyoni tangu utotoni. Ile siku stesheni, mama kama angenyamaza tu?

Alinyoosha miguu yake. Alicheka kidogo, kile kicheko chake, nilikuwa nimekisahau.

"Ningebakia," akasema. "Na mama alijua. Njo maana hakunyamaza."