Utepe Mweusi Juu ya Waya

Mume wangu alifunga nyaya za umeme kwenye majumba ya watu miaka thelathini na moja, na sijawahi kusikia nyumba iliyoungua kwa mkono wake. Alipostaafu tukauza nyumba, tukahamia kwenye mashua ya matanga yenye chumba kimoja na choo ambacho ukikaa, magoti yanagusa mlango. Watu walisema tumerukwa na akili. Siku mvua ikivuja kitandani, mimi nakubaliana nao.

Safari hii ilikuwa ya binti yetu. Alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza kwenye kisiwa ambako meli hupita mara moja kwa mwezi, na ya mwezi huu ilishapita. Baba yake hakufika mahafali yake wala harusi yake. Kazi, kila mara kazi. Sasa alikuwa amemwapia kwamba atafika kabla ya uchungu. Siku nane za tanga, tuondoke Alhamisi.

Jumanne asubuhi nikakagua nyaya zinazoshika mlingoti. Mimi hupitisha pamba juu yake, maana waya huo ni nyuzi za chuma zilizosokotwa, na uzi mmoja ukikatika jicho haliuoni, ila pamba hunasa. Waya wa kushoto ulikuwa safi. Wa kulia nikakuta umezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, umekazwa kwa ustadi kabisa.

Nikaubandua. Pamba ilinasa mara nne katika urefu wa kidole.

"Baba watoto, huu utepe umeufunga lini?"

Alikuwa anapanga madumu ya maji. Hakugeuka. "Wiki iliyopita. Nyuzi chache tu hizo."

"Nyuzi chache! Mlingoti ukituangukia katikati ya bahari, nao utaufunga utepe?"

"Waya mpya unachukua wiki tatu kufika, mke wangu. Mtoto hangoji wiki tatu."

Mtu huyu aliwahi kumfukuza fundi mwenzake kazini kwa kuficha waya uliochubuka chini ya utepe kama huo huo! Nikamkumbusha, tena sikumpunguzia hata neno. Akakaa juu ya dumu, akainamisha kichwa.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," nikamwambia. "Mpigie binti yako mwenyewe."

Akapiga, akaweka spika kwa sababu simu yetu ni kiziwi.

"Mwanangu, waya wa mlingoti umeharibika. Alhamisi hatuondoki. Labda baada ya wiki tatu."

"Sawa, Baba. Usijali. Mama mkwe yuko hapa, alikuja na meli ya mwezi huu. Nilimwita mapema, maana wewe sikukuweka kwenye mipango."

Nilimwonea huruma mume wangu, na bado nisingemruhusu ang'oe nanga.

"Nilitaka kuja kweli, mwanangu," akasema.

"Najua, Baba," binti yetu akajibu, taratibu, kwa sauti ya kubembelezea mtoto. "Haya, kapumzike."